Kichapishi cha Wageni

"Wanakaya wote, wakiwemo waliolala, mnatangaziwa kwamba kuanzia saa moja na dakika kumi asubuhi ya leo, kaya hii imeingia rasmi katika Hali ya Kutochapa."

Tangazo hilo lilitolewa sebuleni, kwa kusimama wima, na Mkurugenzi Msaidizi wa Idara ya Taratibu, ambaye pia ndiye baba wa nyumba. Mtaani wanamwita Bwana Waraka. Wanamwita hivyo kwa wivu tu, binadamu hawana jema, maana si kila mtu anaweza kuandika waraka wa kurasa mbili kuhusu mahali pa kuweka sabuni ya kuogea. Yeye aliuandika, akaubandika bafuni, na tangu siku ile sabuni haijawahi kulala pasipo pake.

Mbele yake, juu ya meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, kilikaa kichapishi. Cheupe, kipya, umri wake miezi mitano, kinapokea kazi bila waya wowote. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka kama kawaida. Karatasi zilikuwemo, wino ulikuwemo. Lakini kompyuta mpakato ya Bwana Waraka ilikuwa inasema, kwa mara ya kumi na moja asubuhi hiyo, kwamba kichapishi hakionekani. Yeye alikuwa anakiona. Kilikuwa kinakaribia kumgusa goti.

Siku nyingine angeandika taarifa na kusubiri. Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kusubiri. Saa sita kamili mchana, makao makuu, Dirisha Namba Tatu lilikuwa linafungwa, na dirisha hilo ndilo linalopokea maombi ya cheo cha Mkurugenzi. Mkurugenzi kamili, bila "Msaidizi" huko mwishoni. Neno hilo "Msaidizi" lilikuwa limemganda kwa miaka kumi na moja. Lilikuwa kwenye mlango wake, kwenye mhuri wake, na hata kwenye kikombe chake cha chai, na kila alipolisoma roho ilimuuma. Maombi aliyaandika mwenyewe, kurasa ishirini na sita. Yalitakiwa nakala tatu, kwenye karatasi.

Mtu asiyejua kazi za watu atauliza: si aende kibanda cha stesheneri pale kona? Hawezi. Waraka wa Idara Namba 14 unakataza nyaraka za watumishi kuchapwa vibandani, kwa sababu za usalama. Basi akachape ofisini? Hawezi pia. Waraka huohuo unakataza kuchapa mambo binafsi kwa mashine ya umma. Mwombaji atachapa kwa mashine ya nyumbani kwake, na kila ukurasa utabeba kwenye ukingo wa chini jina la aliyechapa, linaloandikwa na mashine yenyewe, ili watu wasidanganye. Ni waraka mzuri sana. Aliuandika Bwana Waraka mwenyewe, baada ya kumkamata dada mmoja wa masijala akichapa kwa mashine ya ofisi barua ya kuomba uhamisho. Sababu ya uhamisho ilikuwa imeandikwa kwa ufupi: "Bosi."

Kamati ya Dharura ya Kaya iliundwa saa moja na robo. Mwenyekiti, yeye. Katibu, mkewe, ambaye ni muuguzi na alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu, viatu vyake bado viko mkononi. Mjumbe wa Ufundi, binti yao, anayesomea mambo ya kompyuta chuoni na alikuwa nyumbani kwa likizo. Mama mkwe aliruhusiwa kuketi kama mwalikwa asiye na kura, kwa kuwa yeye ni mgeni.

"Mimi mgonjwa wangu wa mwisho nimemwacha anapumua vizuri," alisema mkewe. "Hiyo mashine nayo inapumua. Naenda kulala."

"Katibu huwezi kuondoka kabla ya ajenda ya kwanza."

"Ajenda ya kwanza ni nini?"

"Kufungua kikao."

"Haya, kimefunguka." Akaenda kulala.

Binti alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu yake. Bila kuinua macho akasema, "Baba, printa iko kwenye mtandao wa wageni. Laptopu yako iko kwenye mtandao wa wenyeji. Haziwezi kuonana. Ni hilo tu."

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini.

"Mjumbe," alisema Bwana Waraka kwa upole, "chanzo cha tatizo ni ajenda namba sita. Tuko ajenda namba mbili. Utapewa nafasi."

"Lakini baba, ni dakika moja tu."

"Hayo ndiyo yanayoangusha taasisi. Dakika moja, dakika moja!"

Mama mkwe aliinua macho kutoka kwenye gauni alilokuwa analishona mkononi, akamtazama mjukuu wake, akarudi kwenye sindano. Alikuwa na tabia ya kucheka kwa mabega tu, na mabega yalicheka.

Ajenda ya pili ilikuwa ukaguzi wa macho. Kichapishi kilikaguliwa mbele, nyuma na chini, ambako kilipatikana kifungo cha shati kilichopotea tangu mwezi uliopita, kikaandikiwa stakabadhi. Ajenda ya tatu ilikuwa kukizima na kukiwasha. Hili halifanywi kienyeji. Bwana Waraka alijaza kibali cha kukizima, akakisaini kama mwombaji, akahamishia kiti upande wa pili wa meza, akakisaini kama mwidhinishaji. Kichapishi kikazimwa. Kikawashwa. Kikaguna, kikazungusha matumbo yake, taa ikarudi ya kijani. Kompyuta ikasema haikioni.

"Jeuri," alisema Bwana Waraka.

Ajenda ya nne ilikuwa nidhamu. Kwa mkono wake aliandika barua ya kukitaka kichapishi kijieleze ndani ya dakika thelathini kwa nini kisichukuliwe hatua, akaibandika kwenye kifuniko chake kwa gundi ya karatasi. Kisha wote watatu wakakaa kimya kusubiri zile dakika thelathini, kwa sababu haki ya kusikilizwa ni ya kila mmoja. Binti alilala kidogo. Saa ya ukutani iligonga saa mbili na nusu, ikaendelea, na Bwana Waraka akapiga hesabu. Kutoka nyumbani hadi makao makuu ni dakika ishirini na tano kwa gari, kama barabara ina huruma.

"Na waya?" aliuliza binti, akiamka. "Printa ilikuja na waya. Tuunganishe kwa waya, yaishe."

"Waya uliondolewa kwenye orodha ya mali za kaya. Ulitangazwa chakavu."

"Ulikuwa mpya!"

"Ulikuwa mpya lakini hauna matumizi. Hiyo ndiyo maana ya chakavu kitaalamu."

"Uko wapi sasa?"

"Nilifungia sanduku langu," alisema mama mkwe. "Nikaukata vipande viwili, ulikuwa mrefu mno. Nisamehe, baba."

"Hukukosea, mama. Ulipewa kwa maandishi."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kumbukumbu za kikao zinalieleza kwa mstari mmoja tu. Kichapishi, kikiwa na barua ya kujieleza bado imebandikwa kichwani, kilikohoa. Kikavuta karatasi, kikaenda kulia, kikaenda kushoto, kikatema ukurasa mmoja uliojaa mistari myeusi, safi kabisa.

Bwana Waraka aliruka kutoka kwenye kiti. "Kimejibu! Mmeona? Mashine ukiiandikia barua inaelewa!"

Aliunyakua ukurasa. Ulikuwa na mchoro wa kola ya gauni la mtoto, na vipimo vyake. Kwenye ukingo wa chini pameandikwa: IMECHAPWA NA: MGENI.

"Huo ni wangu, baba," alisema mama mkwe, akinyoosha mkono. Mkono mwingine ulikuwa na simu yake ndogo iliyopasuka kioo. "Nilikuwa sijui kola naikata vipi, nimeivuta kwenye simu. Samahani kama nimeingilia kikao."

Binti alijifunika uso kwa mto.

"Mama," alisema Bwana Waraka taratibu, "kichapishi hiki kinakutii?"

"Mbona siku zote? Jana nimechapa mikono. Juzi nimechapa mfuko."

Ni lazima hapa Waraka wa Kaya Namba 9 uelezwe, maana watu wamezoea kumlaumu mtunzi kabla ya kusoma. Waraka huo uligawa mtandao wa nyumba sehemu mbili. Upo mtandao wa WENYEJI, wenye nywila ndefu inayotunzwa na Mkuu wa Kaya peke yake. Na upo mtandao wa WAGENI. Mwenyeji ni binadamu au kifaa kilichokaa humo ndani miezi kumi na miwili mfululizo bila kulala nje, isipokuwa kwa kazi au masomo. Kichapishi kilikuwa na miezi mitano, kwa hiyo kikawekwa kwa wageni hadi kitakapothibitishwa kazini. Aliyekiweka huko ni Bwana Waraka, kwa mkono wake, siku kilipotoka kwenye boksi. Miezi mitano yote hakuwa amechapa chochote nyumbani, kwa hiyo hakuwa ameona tofauti.

Mama mkwe alikuwa na miaka minne humo ndani tangu nyonga ilipomsumbua. Lakini kila mwaka huenda kwa mwanawe wa kiume kwa wiki mbili, basi hesabu inaanza upya. Kwa hiyo kila mwezi nywila ya wageni ikibadilishwa, mama mkwe hujaza fomu ya mgeni: jina, madhumuni ya ziara, jina la mwenyeji, uhusiano, na tarehe ya kuondoka. Mara ya kwanza, kwenye tarehe ya kuondoka, aliandika "Mungu akipenda." Fomu ikarudishwa, pembeni pana wino mwekundu: Jibu halijitoshelezi. Akaandika tena "Mungu akipenda", ikarudishwa tena. Tangu hapo huandika tarehe ya mwisho ya mwezi, kila mwezi, na kwa mujibu wa jalada, tangu waraka huo utoke, ameshaondoka mara thelathini na saba. Hakuwahi kulalamika. Aliuliza tu siku moja kama aanze kufunga sanduku, na akaambiwa hapana mama, ni utaratibu tu.

"Sasa tuko ajenda ya sita?" aliuliza binti kutoka ndani ya mto.

Ilikuwa saa nne kasorobo. "Mjumbe wa Ufundi ana nafasi," alisema Bwana Waraka kwa sauti ndogo.

"Nipe paswedi ya wenyeji, niihamishe printa. Dakika moja."

Kidogo akubali. Mkono wake uliingia mfukoni, ukagusa ufunguo wa droo yenye bahasha yenye nywila. Kisha akakumbuka ukurasa wa ishirini na sita wa maombi yake, ambao una kiapo: Mimi mwombaji sijawahi kukiuka waraka wowote nilioutunga mwenyewe. Katika idara nzima ni yeye peke yake angeweza kuapa hivyo bila kupepesa. Ndiyo ilikuwa silaha yake. Wenzake wote walishawahi kuteleza.

"Kichapishi hakijatimiza mwaka," alisema.

"Baba! Ni printa!"

"Sheria ni msumeno, mwanangu, unakata mbele na nyuma."

"Basi badilisha waraka."

"Marekebisho yanatakiwa kutangazwa siku kumi na nne kabla, kwa tangazo lililochapwa na kubandikwa kwenye friji."

"Lililochapwa," alirudia binti.

"Lililochapwa."

"Basi mtumie bibi hayo maombi kwenye simu, ayachape yeye."

"Nyaraka za siri zipite kwenye simu ya mgeni? Na kola za magauni? Hebu kuwa na adabu."

Mama mkwe alikata uzi kwa meno, akageuza gauni, akaanza upande wa pili. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na sindano, "Mimi sijasoma. Lakini kama mashine inawatii wageni, na mtu anataka imtii, si awe mgeni?"

Bwana Waraka alimtazama. Katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kusikia pendekezo lililonyooka kiasi hicho. Halikiuki kifungu chochote. Kompyuta yake ingetoka kwenye WENYEJI, ikaingia kwenye WAGENI, kwa utaratibu wote, kwa fomu.

"Fomu ya mgeni ipo?" aliuliza.

"Ninayo ya mwezi ujao. Nilishaichapa mapema, si unajua nisipowahi unaninunia." Aliitoa kwenye kikapu cha nyuzi, imekunjwa vizuri. "Chukua, baba. Mimi nitachapa nyingine."

Akaijaza hapo hapo. Jina, akaandika. Madhumuni ya ziara: kuchapa. Jina la mwenyeji. Hapo kalamu ilisimama, kwa sababu mtu hawezi kujikaribisha mwenyewe, huo ni mgongano wa maslahi. Akaingia chumbani kwa kunyata, akamgusa mkewe bega.

"Saini hapa, kama mwenyeji wangu."

Mkewe alifungua jicho moja. Alisoma fomu yote, muuguzi hasaini asichokisoma. "Uhusiano na mgeni," alisema kwa sauti ya usingizi, akachukua kalamu na kuandika: Tunafahamiana. Kisha akateremka mstari mmoja. "Tarehe ya kuondoka hujajaza. Unaondoka lini?"

"Ni utaratibu tu."

"Najua ni utaratibu. Nauliza, unaondoka lini? Niandae nini?"

Bwana Waraka alisimama pale na soksi zake. Alitazama ile nafasi tupu na nukta zake. Hii ni nyumba aliyoijenga, mlango huu aliuchagua yeye, na sasa anaulizwa siku ya kutoka. Kwa sekunde moja, kwa aibu, akamwona mama mkwe akiwa na kalamu mkononi, mwezi hadi mwezi, mara thelathini na saba. Akatamani kukaa kitandani. Lakini saa ilikuwa nne na dakika arobaini, na cheo hakisubiri huzuni. Akaandika tarehe ya mwisho ya mwezi, mkewe akasaini na kugeukia ukutani.

Mama mkwe ndiye aliyemtajia nywila ya wageni, kwa sababu yeye peke yake alikuwa ameikariri. Kompyuta ikaingia. Kichapishi kikaonekana. Ukurasa wa kwanza ulipoanza kutoka, Bwana Waraka alipiga kofi moja kubwa, akasahau kabisa huzuni iliyompata chumbani. Kurasa sabini na nane, moja baada ya nyingine, zenye joto kama mikate. Aliziweka kwenye jalada bila kuzitazama chini, akavaa koti, akatoka. Barua ya kujieleza ilibaki juu ya kichapishi ikipepea.

Barabara haikuwa na huruma. Aliingia makao makuu mbio, tai begani, na saa iliyo juu ya Dirisha Namba Tatu ilisema saa sita kasoro dakika nane. Saa hiyo iko mbele kwa dakika tano. Aliagiza yeye, ili kuwakomesha wazembe.

Nyuma ya kioo alikaa yule dada wa masijala. Uhamisho aliupata. Alikuwa amekata kucha vizuri, ana miwani mipya, na mbele yake, ndani ya jalada jipya, Waraka wa Idara Namba 14.

"Karibu, bosi," alisema kwa heshima zote.

"Haraka, dada. Nakala tatu. Zote zimetimia."

Alizipokea kwa mikono miwili. Alihesabu kurasa, nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, akilamba kidole kila baada ya kurasa kumi. Saa ikafika kasoro tano. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akainama kwenye ukingo wa chini, akatulia.

"Huyu Mgeni ni nani, bosi?"

"Mgeni gani?"

"Aliyechapa. Kila ukurasa. Imechapwa na: Mgeni."

Bwana Waraka alichukua ukurasa, akausoma. Akachukua mwingine. Akaegemea dirisha.

"Ni mimi," alisema. "Mgeni ni mimi. Ni jambo la mtandao tu."

"Sikatai, bosi." Alikuwa ameshafungua waraka mahali panapohusika, alama ilikuwepo tayari, kipande cha utepe mwekundu. "Kifungu cha nane. Jina lililo ukingoni ndilo jina la mwombaji, bila kujali mwombaji anadai kuwa nani. Ni maneno yako."

"Najua ni maneno yangu!"

"Ni mazuri. Huwa tunayasoma hapa wakati wa chai." Akageuza daftari la watumishi, akapitisha kidole. "Sasa huyu Mgeni simwoni. Hana namba ya utumishi, hana hata siku moja kazini, na anaomba ukurugenzi. Mimi nikipokea, si utanichukulia hatua?"

"Dada yangu, nakuomba. Kibinadamu."

Yule dada alivua miwani. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, na sauti yake haikuwa ya dirishani. "Bosi, mimi nilikuomba kibinadamu siku ile. Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Ulinijibu kwa waraka wa kurasa tisa."

Bwana Waraka alitafuta kifungu kichwani, akakosa.

"Kiapo cha ukurasa wa ishirini na sita ni kweli lakini," dada aliendelea, akivaa tena miwani na kumrudishia jalada. "Hukukiuka hata kimoja. Hongera." Saa ikasema saa sita kamili. Pazia la chuma likashuka taratibu, na kabla halijafika chini ukapita mkono wenye kadi ya plastiki yenye kamba. "Na hii uvae ukiwa ndani ya jengo, tafadhali. Walinzi wanasumbua watu wasio na kitambulisho."

Kadi iliandikwa MGENI. Aliivaa, kwa sababu utaratibu ni utaratibu, na akasahau kuivua mlangoni.

Aliendesha gari polepole hadi nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa, akabisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Binti akamfungulia, akatazama ile kadi shingoni, akaziba mdomo kwa kiganja. Ndani, kwenye friji, palikuwa na karatasi moja, bado ina harufu ya wino.

TAARIFA. Kwa mujibu wa kifungu cha sita cha Waraka wa Kaya Namba 9, endapo Mkuu wa Kaya hatakuwepo miongoni mwa wenyeji, mamlaka yatashikwa na mwenye umri mkubwa kuliko wote waliopo, hadi Mkuu atakapotimiza tena miezi kumi na miwili mfululizo. Kwa kuwa Mkuu amejisajili leo kuwa mgeni kwa hiari yake na kwa saini yake, Kaimu Mkuu wa Kaya ni Bibi.

Alitafuta kosa. Alisoma mara mbili, kidole kikifuata mstari. Alikuwa amekiandika kifungu hicho kwa ajili ya safari zake za kikazi, na alikiandika vizuri mno, hakikuacha hata ufa.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha Bwana Waraka, kile cha kuegemea, mguu wenye nyonga mbovu umenyooshwa juu ya stuli. Mkewe, ameamka, alikuwa anakunywa chai pembeni. Juu ya meza ndogo ilikuwepo ile fomu ya mgeni ya asubuhi na kalamu ya wino mwekundu.

"Wamepokea, baba?" aliuliza mama mkwe, na aliuliza kwa huruma ya kweli.

"Hawakupokea, mama. Wanasema mimi ni mgeni."

"Pole, mwanangu. Pole sana." Akaivuta fomu karibu, akavaa miwani ya kushonea. "Sasa hapa kwenye tarehe ya kuondoka umeandika mwisho wa mwezi. Ni kweli?"

Bwana Waraka alimtazama mkewe, ambaye alitazama kikombe. Akachukua kalamu, akafuta ile tarehe kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa herufi ndogo sana, akaandika: Mungu akipenda.

Mama mkwe alisoma. Mabega yakaanza kucheka, kidogo kidogo, hadi miwani ikateleza puani. Akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye kikapu cha nyuzi.

"Jibu linajitosheleza," alisema. "Na wahenga walishasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Asante, mama," alisema Bwana Waraka, akihema, tayari anavuta kiti. "Basi leo ndiyo siku yangu ya kwanza."

"Hapana, baba," alisema Kaimu Mkuu wa Kaya, akitia uzi kwenye sindano. "Wewe uko hapa mwaka wa kumi na tisa. Vyombo viko jikoni."